Mdudu Mwenye Koti Fupi



Kifuku kikianza hapa kwetu Kambove, bilulu vinatoka kila mahali. Inswa wanaruka jioni na watoto wanawakimbilia na masahani. Mbu wanaingia ndani, na usiku taa ikiwashwa, meza inajaa vidudu vya kila rangi. Tunavifagia asubuhi na kuvitupa, bila kuuliza majina yao.

Katika somo hili tunataka kuwajulisha kundi moja la bilulu vidogo. Tunawaandikia ninyi wa sekondari, lakini tunaomba kila mmoja akitoka hapa awafundishe wadogo zake nyumbani. Sababu iko wazi: mtoto wa miaka mitatu ao mine anashika kila kitu chenye rangi nzuri, na katika kundi hili yuko mmoja mwenye rangi nzuri kama ushanga, lakini si wa kushikwa.

1. STAFILINI NI NANI?

Katika kitabu cha biologia cha Kifaransa mtakuta jina staphylin. Sisi tutaandika stafilini. Ni jamaa moja ya mbawakawa, yaani wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu kama ganda. Jamaa hii ni kubwa sana. Wataalamu wamekwisha kuandika majina ya aina zaidi ya 60,000 katika dunia nzima. Hata hivyo, watu wengi hawajawahi kuisikia, kwa sababu aina nyingi ni ndogo: urefu wa milimita chache tu, sawa na punje ya mchele ao chini yake.

Namna gani tutamtambua stafilini? Mbawakawa wa kawaida amevaa koti refu: ganda lake linafunika mgongo wote hadi nyuma. Stafilini amevaa koti fupi. Ganda lake linaishia karibu na kifua, na tumbo lote linabaki wazi nyuma. Mtu akimwona mara ya kwanza anasema, "Huyu hana mabawa." Kumbe anayo. Mabawa ya kuruka yamekunjwa mara nyingi chini ya lile koti fupi, kama vile mama anavyokunja kitenge kikubwa kikaingia katika mfuko mdogo. Akitaka kuruka, anayafungua kwa haraka.

Kwa sababu gani koti fupi? Fikiri mtu anayetaka kupita katika tundu jembamba. Akivaa kitu kigumu mwili mzima, hawezi kujikunja. Stafilini anaishi chini ya majani yaliyooza, katika nyufa za udongo, chini ya magome ya miti. Tumbo lake lililo huru linajipinda huku na huku, naye anapita mahali ambapo wengine hawapiti. Lakini faida hii ina bei yake: tumbo lisilo na ganda ni rahisi kuumwa na adui. Ndiyo maana wengi wao wanajilinda kwa dawa za ndani ya mwili, zenye harufu mbaya ao sumu. Akiogopa, anainua mkia juu kama nge. Lakini hana mwiba kule nyuma. Anatisha tu.

Tusimchanganye na wengine:
– Siafu na sisimizi wana kiuno chembamba kabisa, na hawana ganda mgongoni.
– Yule mdudu mwenye koleo mbili nyuma si stafilini. Stafilini hana koleo.
– Nge ana miguu 8. Stafilini ana miguu 6, kama wadudu wote.

2. KAZI YAO

Mahali pao ni pengi: kando ya mito, chini ya takataka za shamba, katika matunda yaliyoanguka, katika uyoga, katika mavi ya ng'ombe na mbuzi. Wengi wao ni wawindaji. Wanakula mayai na funza wa inzi, na vidudu vingine vidogo. Wako wengine ambao mtoto wao, akiisha kutoka katika yai, anatafuta bundo la inzi, anatoboa tundu, anaingia, na kumla inzi kabla hajatoka. Basi, tukihesabu inzi wanaokuja juu ya bukari yetu, tukumbuke kwamba wangekuwa wengi zaidi kama stafilini hawangekuwako.

Tena kuna stafilini wanaoishi ndani ya vichuguu pamoja na mchwa. Hapa Katanga vichuguu tunavijua. Vingine ni virefu kupita nyumba, na watu wanachimba udongo wake kufyatua matofali. Wataalamu waliopima umri wa vichuguu vikubwa katika miombo ya Katanga walitangaza mwaka 2015 kwamba kimojawapo kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Katika nyumba za mchwa duniani wamekuta stafilini wenye tumbo lililovimba na kukunjwa juu ya mgongo, hata wanafanana na mchwa wenyewe. Mchwa, ambao wanamfukuza kila mgeni, wanawaacha hawa wakae.

3. YULE MWENYE RANGI YA USHANGA

Sasa tufike kwa yule tuliyemtaja mwanzoni. Jina lake la kisayansi ni Paederus. Aina zake ni zaidi ya 600 duniani, na katika Afrika ya joto inayojulikana zaidi inaitwa Paederus sabaeus. Watu wa Kenya wanamwita kwa jina la mji wao mkuu, "inzi wa Nairobi," ingawa si inzi hata kidogo.

Tumtazame vizuri. Urefu wake ni milimita 7 hadi 10, mwembamba. Kichwa ni cheusi. Kifua ni chekundu kama chungwa lililoiva sana. Koti fupi lina rangi ya buluu ao kijani yenye kung'aa. Tumbo ni jekundu tena, na ncha ya nyuma ni nyeusi. Basi ukitoka mbele kwenda nyuma unasoma hivi: nyeusi, nyekundu, buluu, nyekundu, nyeusi. Wadogo zetu wanaweza kuimba rangi hizi kama wimbo, na wakiisha kuziimba hawatazisahau.

Anapenda unyevu. Mama anataga mayai mojamoja katika udongo wenye maji, kwa kuwa yai likikauka linakufa. Kutoka katika yai anatoka mtoto asiye na mabawa, naye anakula vidudu vidogo kama mzazi wake. Baadaye anageuka bundo, kisha mdudu kamili. Sasa mnaelewa kwa nini mvua nyingi zinaleta Paederus wengi. Mwaka 1998, nyuma ya mvua kubwa za El Niño zilizoanza mwaka 1997, Kenya ilijaa wadudu hawa, na watu wengi walipata vidonda. Julai 2022, katika jimbo la Sikkim, kaskazini-mashariki ya India, wanafunzi wapatao 100 wa chuo kimoja waliunguzwa. Wanafunzi kama sisi, waliolala katika mabweni yenye taa.

Neno hilo la taa ni kubwa. Mchana Paederus anatembea katika majani na mashamba. Usiku anafuata mwanga. Taa nyeupe yenye nguvu, ikiwa karibu na dirisha lililo wazi, inamwita kutoka mbali. Akiisha kuizunguka, anaanguka: juu ya meza, juu ya shuka, juu ya shingo ya mwanafunzi anayesoma mtihani wa kesho.

4. SUMU YAKE

Hapa watu wengi wanakosea. Wanasema, "Ameniuma." Wengine wanasema, "Amenikojolea." Hapana. Paederus hatuumi wala hatuchomi mwiba. Sumu iko ndani ya damu yake. Akitembea tu juu ya mkono na wewe ukamwacha aende zake, kwa kawaida hakuna kitu. Lakini sisi tukisikia kitu kinatembea shingoni, tunafanya nini? Tunapiga kofi na kusugua. Ni kofi letu linalompasua, na ni vidole vyetu vinavyoipaka damu yake juu ya ngozi.

Sumu hiyo inaitwa pederini. Wataalamu wa Italia waliitenga mwaka 1953. Ili kujua imeundwa namna gani, ilipashwa kukusanya wadudu karibu milioni 25! Inafanya kazi hivi: inazuia seli za ngozi zisitengeneze protini, na seli isiyotengeneza protini haiwezi kuishi ao kugawanyika. Kidogo sana kinatosha kuharibu ngozi. Hata mdudu akiisha kufa na kukauka, sumu yake inadumu kwa muda mrefu.

Na sasa jambo la kushangaza. Mdudu mwenyewe hatengenezi sumu hii. Mnamo 2002 uchunguzi ulionyesha kwamba inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake. Mama mwenye bakteria hao anapaka sumu katika mayai yake, na hivyo watoto wanatoka wakiwa wamelindwa. Buibui akimshika mtoto huyo, anamwacha. Bakteria wanapata nyumba, mdudu anapata silaha.

Tena sumu ikijulikana vema inaweza kuwa dawa. Nchini China, mwaka 739, tabibu mmoja aliandika juu ya mdudu mwenye kiuno cha buluu, ambaye sumu yake ilitumiwa kuondoa michoro ya ngozi na majipu. Siku hizi wataalamu wanachunguza pederini na ndugu zake, ambao wengine wamepatikana katika sponji za baharini, kuona kama nguvu yake ya kuzuia seli inaweza kusaidia juu ya kansa. Lakini hiyo ni kazi ya maabara. Asijaribu mtu nyumbani.

5. KIDONDA KINACHOLETA MANENO

Sikilizeni vema sehemu hii, kwa sababu ndiyo iliyotufanya tuandike.

Sumu ya Paederus haiumi palepale. Unampiga jioni, unalala vizuri, unakwenda shuleni. Kwa kawaida ni baada ya saa 24 hadi 48 ngozi inapoanza kuwaka: wekundu, moto, kisha malengelenge yenye maji. Mara nyingi kidonda kinafuata njia ya vidole vilivyosugua. Kwa hiyo kinakuwa mstari, kama alama ya fimbo ao ya chuma cha moto. Mdudu amekwisha kusahauliwa. Hakuna anayemkumbuka. Basi watu wanatafuta sababu nyingine.

Tunajua nyumba moja ambamo mtoto wa kike aliamka na mistari miwili ya malengelenge, shingoni na mkononi. Alikuwa anakaa na mama mdogo wake. Majirani wakaanza kunong'ona: "Mama mdogo amemchoma mtoto na pasi." Wengine wakasema, "Ni kurogwa, maana hakulia usiku." Mama mdogo akalia, na ndugu za mtoto wakataka kumchukua. Walipomfikisha mtoto kwa munganga wa dispanseri, yeye hakugombana na mtu. Aliuliza tu: "Mtoto analala wapi? Taa iko wapi? Juzi usiku kulikuwa na bilulu?" Kisha akamwambia mtoto akunje mkono. Kidonda cha juu ya kiwiko na kidonda cha chini yake vikagusana kabisa, kama mtu na kivuli chake katika kioo. Munganga akasema, "Pasi haichomi hivi. Hapa mdudu alipondwa katika mkunjo wa mkono, na sumu ikapaka pande mbili." Siku ile maneno yakaisha.

Hivi ndivyo elimu inavyofanya kazi. Haikuhitaji vyombo vya bei kubwa. Ilihitaji mtu anayeuliza maswali kabla ya kutaja mkosaji.

Tuseme pia: kidonda hiki hakiambukizi kutoka mtu hadi mtu. Usimkimbie mwenzako, usikatae kukaa naye benchi moja. Lakini sumu iliyo bado juu ya vidole vyako mwenyewe inaweza kwenda mahali pengine, na mahali pabaya zaidi ni jicho. Jicho linavimba, linauma sana, na mwanga unakuwa adui.

Lakini si kila lengelenge ni Paederus. Mkanda wa jeshi unaleta malengelenge pia, na hata kuungua kwa kweli kuko. Basi si kazi yetu kuhukumu. Tumpeleke mgonjwa kwa munganga, na tumwambie yote tuliyoyaona.

6. TUFANYE NINI?

Akikutua mwilini:
a) Hapana kupiga! Mpulize kwa nguvu, ao umwache apande juu ya karatasi, kisha umtoe nje.
b) Ukiwa umekwisha kumponda, osha mahali pale mara moja kwa maji mengi na sabuni. Osha na mikono. Usiguse macho.
c) Nguo ao shuka iliyopata damu yake, ifue.

Kidonda kikiisha kutokea:
a) Kiweke safi. Kitambaa kilicholowa maji baridi kinapunguza moto.
b) Usipasue malengelenge, usikune.
c) Usipake dawa ya meno, mafuta ya gari, maji ya betri wala majivu. Vitu hivi vinaongeza kidonda ao kuingiza uchafu.
d) Kikiwa kikubwa, kikitoa usaha, ao kikiwa karibu na jicho, nenda dispanseri. Kama sumu imeingia ndani ya jicho, suuza kwa maji safi mengi, na uende siku ileile, hapana kungoja kesho.
Kwa kawaida ngozi inapona katika juma mbili ao tatu. Doa jeusi linaweza kubaki miezi kadhaa, kisha linafifia.

Kumzuia:
a) Usiku wa kifuku, funga dirisha kabla ya kuwasha taa. Kama kuna taa ya nje, iwe mbali na mlango.
b) Usitundike taa juu ya kitanda. Zima kabla ya kulala.
c) Kung'uta shuka na mto. Lala ndani ya chandarua kilichoingizwa vema chini ya godoro. Kinazuia mbu na Paederus pamoja.
d) Kata majani yaliyo karibu na ukuta wa nyumba.

7. TUMWUE WOTE?

Wengine watasema, "Basi tununue dawa, tupulizie shamba lote." Ngojeni kwanza. Paederus ni mwindaji. Katika mashamba ya mahindi, mpunga na mboga anakula vidukari na mayai ya wadudu wanaoharibu mazao. Mwenye shamba akiwaua wawindaji wote, adui wa mazao ndio watakaofurahi. Kosa la Paederus ni moja: kuipenda taa yetu. Tukiihamisha taa, yeye atabaki shambani na kazi yake, na sisi tutabaki na ngozi yetu.

8. KUWAFUNDISHA WADOGO

Mtoto mdogo hawezi kushika somo refu hivi. Mpe maneno manne tu, na uyarudie kila jioni ya mvua:
Nyeusi, nyekundu, buluu, nyekundu, nyeusi.
Tazama kwa macho, si kwa vidole.
Pulizia, usipige.
Ukigusa, ita mtu mkubwa, osha na sabuni.

Mchoree mdudu kwa makaa na matofali yaliyosagwa. Hata bila kalamu za rangi inawezekana. Halafu cheza naye: weka mbegu ndogo juu ya mkono wake, na akizoea kupuliza badala ya kupiga, umefaulu. Usimtishe kwa hadithi za mizimu. Mtoto aliyetishwa anapiga mdudu kwa woga, na kupiga ndiko kunakoleta kidonda.

MASWALI YA KUJIJIBU

1. Koti la stafilini linatofautiana namna gani na la mbawakawa wengine? Faida yake ni nini, na hasara yake ni nini?
2. Ni nani anayetengeneza pederini?
3. Kwa sababu gani watu wengi hawamkumbuki mdudu wanapoona kidonda?
4. Rafiki yako ana malengelenge mawili yanayogusana anapokunja mkono. Utamwuliza maswali gani kabla ya kusema lolote?
5. Mwenye shamba anataka kuua Paederus wote. Utamjibu nini?

KAZI YA JUMA HILI: Jioni moja, keti mbali kidogo na taa ya nje, na uhesabu aina za bilulu zinazokuja kwa muda wa nusu saa. Andika rangi, idadi ya miguu, na urefu wa koti: refu ao fupi. Usiguse kitu. Leta daftari lako darasani, tulinganishe.